Mistari Inayorukwa

Fundi alikuwa mtu wa kuchoka, wala hakuona haya kulisema. Ukimwuliza habari za asubuhi alikujibu kwamba amechoka, ndipo akakuuliza zako. Kiwanda cha kutotolesha vifaranga kilikuwa na mashine kumi na mbili, kila moja na ukubwa wa chumba cha kulala, na ndani yake mayai maelfu yalikaa kwenye joto hadi siku ya kupasuka. Zamani mafundi walikuwa watatu. Mmoja alihama, wa pili akastaafu, na ofisi ilipoona kazi bado inakwenda, haikuajiri mwingine. Kazi ilikwenda kwa sababu alibaki mjinga mmoja wa kuibeba, na mjinga mwenyewe alilijua hilo vizuri.

Chumba chake kilipakana na ukumbi wa mashine, na ukutani palikuwa na dirisha dogo lisilo na kioo. Mezani palikuwa na kompyuta, bisibisi za kila aina, na feni iliyobakiza mapanga mawili ikizunguka kwa kuchechemea. Ndani ya kompyuta hiyo aliishi mfanyakazi wa pekee asiyelalamika, yaani skripti, mfuatano wa amri alioandika Fundi mwenyewe. Kila baada ya dakika tano skripti ilifungua faili la mipangilio na kusoma: mashine ya kwanza iwe na nyuzi joto ngapi, unyevu kiasi gani, mayai yageuzwe mara ngapi, kisha ya pili, ya tatu, hadi ya kumi na mbili. Ikishasoma, iliziamuru mashine zitii. Basi, haikuwa na akili zaidi ya hapo.

Lakini humo kwenye faili mlikuwa na maneno mengine. Mstari ukianza na alama ya reli, ile iliyopo kwenye vitufe vya simu, skripti huuruka kana kwamba haupo. Ni mahali ambapo watu huandikiana mambo yao, mashine ikapita zake. Na mistari yote ya namna hiyo ilikuwa maneno ya Bi Kope.

Bi Kope alikuwa mlezi wa mayai, mwanamke wa miaka hamsini na minane, mwembamba, asiyepoteza maneno. Jina hilo alibandikwa kwa sababu hakuwa na imani na vipimajoto. Alichomoa yai kwenye trei, akafumba jicho, akaligusisha kwenye kope, akatulia. Halafu alisema, "Hili lina homa," au, "Hili limepoa," na kulirudisha mahali pake. Wageni walicheka. Kisha kililetwa kipimajoto, na wageni wakaacha kucheka. Yeye mwenyewe hakuwahi kukiomba hata mara moja.

Utaratibu wao ulikuwa huohuo miaka kumi na mmoja. Bi Kope akigundua jambo, alikuja dirishani, akaegemeza kiwiko na kusema alichokuja kusema. Fundi alibadilisha namba, na chini yake, nyuma ya alama ya reli, aliandika maneno yake vilevile yalivyotoka. Ya tatu ni mwongo, kipimajoto chake kimekaa kwenye upepo wa mlango, kinasema baridi na ndani kuna moto, iacheni kwenye thelathini na sita. Ya tisa hukauka mchana, ipewe maji mapema. Ya tano isigeuzwe kwa pupa, trei ya chini inagonga.

"Umeiambia?" Bi Kope aliuliza kila alipomaliza.

"Nimeiambia," Fundi alijibu.

Naye aliondoka ameridhika. Fundi hakuwahi kumweleza kwamba mashine imeambiwa namba tu, na maneno yamewekwa kando. Angeeleza vipi, na kwa nini, wakati simu inaita na mashine ya kumi inavuja? Ulikuwa uongo mdogo wa kufungia mazungumzo, na watu waliochoka huwa nao mwingi.

Meneja mpya alikuja na simu mbili, moja ya kupigia na moja ya kutazamia. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimia hadi mfagizi, akakumbuka nani ana mgonjwa nyumbani. Ila alitaka aone namba za mashine zote popote alipo, na azibadilishe kwa kidole bila kumsumbua Fundi. Alimpa wiki tatu.

Fundi aliifanya kazi hiyo huku macho yakimwasha. Sasa skripti ingesoma faili, ipeleke namba kwenye simu ya Meneja, na Meneja akibadilisha chochote iliandike faili upya. Kwa kazi hiyo ya kusoma na kuandika, Fundi alichukua programu iliyokwisha kutengenezwa na watu wengine, maana aliyechoka haundi kitu kinachookotwa tayari. Programu hiyo ilijua namba. Soga za binadamu hazikuwa kazi yake. Siku Meneja alipojaribu kwa mara ya kwanza, akabadilisha saa ya kuwasha taa za ukumbi, faili liliandikwa upya likiwa safi, fupi, limenyooka, bila reli hata moja. Fundi alitazama kwenye simu, akaona namba zote zipo, akashukuru na kwenda kula. Hakulifungua tena lile faili.

Meneja alipitisha na sharti jipya: milango ya mashine isifunguliwe ovyo, joto linapotea bure, na simu inaonyesha kila kitu. Bi Kope aliruhusiwa kufungua milango minne tu kwa wiki. Hakubisha. Alichagua ile inayomtia wasiwasi, akaiacha ile aliyokwisha kuizungumzia. Ya tatu hakuigusa kabisa, kwa kuwa ya tatu alishaiambia.

Jumatatu moja ilikuwa siku ya kumulika mayai ya mashine ya tatu. Hupimwa siku ya kumi na nane: yai linawekwa juu ya taa katika chumba cheusi, la hai linaonyesha kivuli kinachocheza ndani, viza halionyeshi kitu. Trei ya kwanza ilikuwa viza. Ya pili viza. Wasaidizi walianza kutazamana, lakini Bi Kope hakuinua kichwa, alimulika moja moja hadi trei ya mwisho. Katika mayai elfu nne na mia nane, hai hayakutimia mia tatu. Akachukua moja, akaligusisha kwenye kope, akasimama nalo.

"Limepikwa," alisema, akavua glovu.

Meneja aliomba rekodi ya joto ya mashine ya tatu kwa wiki moja iliyopita. Fundi akaitoa, na rekodi ilikuwa ya kupendeza: thelathini na saba na nusu, siku baada ya siku, sawasawa na mashine nyingine zote. Kwa mujibu wa karatasi mashine ilikuwa nzima, basi mkosaji lazima awe na miguu miwili. Ama aliacha mlango wazi, ama aliyageuza vibaya, ama uzee umemwingia. Kabla ya saa ya chakula Bi Kope alikuwa na barua mkononi: akae nyumbani, Alhamisi kikao, aje ajieleze. Ukumbini watu walinong'ona kwamba mama huyu ameshamwaga unga.

Fundi alibaki mbele ya kompyuta. Thelathini na saba na nusu. Kuna kitu kilimkera katika namba hiyo, na hakikumchukua muda kukijua, maana ya tatu haijawahi kuwa na namba hiyo. Akatafuta kumbukumbu nyingine, ile ya mabadiliko, ambayo hakuna aliyeiomba. Ikawa pale. Siku ya kumi ya mayai hayo, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, kutoka simu ya Meneja: mashine ya tatu, thelathini na sita kwenda thelathini na saba na nusu. Meneja aliona namba kumi na moja zinafanana na moja imepinda, akainyoosha, kama mtu anavyonyoosha picha ukutani. Na kwa kuwa kipimajoto cha ya tatu hudanganya, ndani ya mashine joto lilifika thelathini na tisa, likakaa humo zaidi ya wiki.

Ndipo alipofungua faili la mipangilio kuutafuta mstari wa Bi Kope. Haukuwepo. Haukuwepo wa tisa wala wa tano. Alikimbilia nakala za akiba. Zilikuwa saba, na zote saba zilikuwa bubu, maana skripti yake mwenyewe ndiyo iliyokuwa ikizinakili upya kila siku kutoka faili hilohilo. Miaka kumi na mmoja ya maneno ya mtu ilikuwa imefagiliwa na programu ya kuokota, na aliyeiokota ni yeye. Angalau zamani mtu akitaka kubadilisha namba alikuja chumbani humu, akasimama nyuma ya kiti, na onyo lilikuwa hapo chini ya namba, linasomeka.

Alijua la kufanya. Ilitosha kunyanyuka, kutembea hatua arobaini hadi ofisini na kufungua kinywa. Hakunyanyuka. Akajiambia ahakikishe kwanza. Alipokwisha kuhakikisha, akajiambia Meneja ana wageni. Ukweli ni kwamba aliona vikao, maelezo ya maandishi, Meneja kufanywa mkosaji mbele ya wafanyakazi wake, na mwisho wa yote skripti nzima kuandikwa upya na mtu yuleyule mmoja. Mwili ulimkataa. Jumatatu ikapita, Jumanne ikapita, naye akajitia hamnazo, anakaza skrubu zisizolegea.

Jumatano jioni alikula bila kusema. Mkewe, mwalimu wa hesabu, alikuwa upande wa pili wa meza na rundo la madaftari, kalamu nyekundu mkononi.

"Uchovu wako naujua," mkewe alisema. "Tumeishi nao nyumba moja. Huu wa leo ni mgeni."

Fundi akamsimulia yote, kuanzia uongo wa ya tatu hadi nakala saba. Mkewe alisikiliza huku akisahihisha, hakumkatiza.

"Na huyo mama anajua?"

"Hajui. Anadhani ni yeye."

"Meneja?"

"Hajui alichofanya."

"Kwa hiyo anayejua ni wewe peke yako, na unakula wali."

Fundi akaweka kijiko chini. Mkewe alifungua daftari jingine, akaligeuzia kwake. Palikuwa na jibu moja tu, sahihi, na pembeni nusu ya alama kwa wino mwekundu.

"Mama wa huyu alikuja kunigombeza. Mwanangu kapata, mbona umemnyima? Nikamwambia sikatai kwamba kapata. Ila hajaandika njia, na siku akikosa sitajua nimshike mkono wapi." Akalifunga daftari. "Kalale. Kesho una maneno ya kusema."

Alhamisi kikao kilifanyika katika chumba cha mikutano, meza ndefu na viti visivyolingana. Alikuwepo Meneja, mwandishi wa kumbukumbu, msimamizi wa ukumbi, na Bi Kope amevaa nguo zake za kutokea, mikono imelala mapajani. Msimamizi alisoma rekodi ya joto. Meneja alimwuliza Bi Kope ana la kujibu.

"Sina," Bi Kope alisema. "Mayai yamepikwa na mimi ndiye mlezi. Labda jicho limechoka. Kila kitu kina mwisho wake."

Hapo Fundi akasimama. Hakuwa ameitwa kusema, alikuwa ameitwa kuleta karatasi.

"Karatasi niliyoleta ni ya kweli," alisema, "na haina msaada wowote. Mlichoomba ni joto, nikawapa joto. Ningewapa na hii." Akaweka mezani kumbukumbu ya mabadiliko. Meneja aliisoma, akaisoma tena, akaiona saa, akaiona simu yake. Uso ulimshuka.

Fundi akaeleza, kwa maneno mepesi kadiri alivyoweza: kipimajoto cha ya tatu na upepo wa mlango, kwa nini namba ilikuwa thelathini na sita, nani aliligundua hilo kwa kope ya jicho, liliandikwa wapi, na jinsi yeye Fundi alivyolifuta bila kuangalia nyuma. "Meneja alibadilisha kwa sababu hakuona onyo. Hakuona kwa sababu mimi nililipoteza. Huyu mama hahusiki hata kidogo, na nimelijua hilo tangu Jumatatu."

Aliyetangulia kusema alikuwa Bi Kope, na hakuzungumza na Meneja.

"Fundi, hebu nielewe. Hiyo mistari uliyokuwa ukiandika. Mashine ilikuwa inaisoma?"

"Hapana. Inairuka."

"Yote?"

"Yote. Ni ya sisi kusoma. Mashine huchukua namba tu."

"Miaka yote hii nilidhani inanisikia," Bi Kope alisema taratibu. "Ndiyo maana sikuifungua. Nilisema ya tatu ina maneno yangu, itajilinda."

Meneja akasema barua imefutwa, Bi Kope arudi kazini kesho yake, na kwamba kosa la kidole ni lake, liandikwe hivyo. Sauti yake haikuwa na furaha, ila aliyasema. Kwa Fundi akasema jambo moja: hadi Jumatatu mfumo urekebishwe. Kuhusu fundi wa pili hakutaja kitu, wala Fundi hakushangaa.

Ijumaa nzima aliandika. Kila namba ndani ya faili aliipa mwenziwe, mstari kamili uitwao sababu, usio na reli, ambao skripti inalazimika kuusoma. Namba ikikosa sababu, skripti inagoma kupakia faili na kusema ni mashine ipi. Mtu akitaka kubadilisha namba kwenye simu, anaonyeshwa kwanza sababu iliyopo, kisha anadaiwa ya kwake pamoja na jina. Akaifundisha pia iache mistari ya reli mahali pake, isifagie tena. Ilipofika jioni mgongo ulikuwa umekakamaa, lakini kitu kilifanya kazi. Kilichokosekana ni sababu zenyewe, na hizo zilikuwa katika kichwa cha mtu mmoja.

Jumamosi asubuhi Bi Kope alikuja, na kwa mara ya kwanza hakuishia dirishani. Aliingia, Fundi akamfutia kiti. Akamweleza sababu ni nini na skripti itaifanyia nini.

"Sasa itanisikia?"

"Itasoma," Fundi alisema. "Kusikia siwezi kukuahidi."

"Afadhali umesema," alijibu Bi Kope.

Wakaanza na ya kwanza. Alizungumza bila haraka, naye akaandika vilevile yanavyotoka. Ya tatu aliitaja kwa maneno yaleyale ya zamani, upepo wa mlango, baridi ya uongo na moto wa ndani, na Fundi alishangaa kwamba yeye aliyeyaandika hakuyakumbuka na aliyeyasema hakusahau neno. Feni ilichechemea. Walipomaliza, Fundi akaiendesha skripti, ikagoma. Mashine ya saba haina sababu.

"Ya saba sina neno nayo," Bi Kope alisema. "Haijawahi kunisumbua."

"Bila neno haipakii."

Akafikiri. "Andika: hii ni nzima, haina tabu na mtu, wasiiguse kwa kuionea wivu."

Fundi akaandika, akacheka kidogo, na skripti ikapakia mashine zote kumi na mbili. Alidhani Bi Kope atanyanyuka. Hakunyanyuka.

"Fundi. Kuanzia Jumatatu mpaka Alhamisi."

"Naam."

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na siku hizo zenyewe zina sababu?"

Fundi alizitafuta. Kulikuwa na wageni wa Meneja, kulikuwa na kuhakikisha, kulikuwa na aibu. Zote zilikuwepo, na hakuna hata moja iliyosimama.

"Nilikuwa nimechoka, Bi Kope."

"Mimi nilikaa kitandani siku tatu," Bi Kope alisema, "nikijiuliza jicho langu limeanza lini kunidanganya. Nimejaribu hadi kwa mayai ya jikoni, nikalinganisha na mkono." Akakunja kitambaa chake mapajani. "Iandike hiyo."

"Niiandike wapi?"

"Pale pa zamani. Pale mashine inaporuka. Hii haiihusu."

Fundi akaenda mwisho wa faili, akaweka alama ya reli, na nyuma yake akaandika: siku tatu nilijua na sikusema, nilikuwa nimechoka. Bi Kope akamwambia amsomee. Akamsomea. Alitikisa kichwa kukubali, akasimama, akatoka kwenda ukumbini bila kuaga.

Kupitia dirishani Fundi alimwona akifungua mashine ya saba, ile isiyo na tabu na mtu. Alichomoa yai, akafumba jicho, akaligusisha kwenye kope. Kwa kawaida ilimchukua pumzi moja. Safari hii alisimama hivyo, akalihamishia kwenye jicho la pili, akasimama tena. Kisha akaja dirishani, akaegemeza kiwiko, yai bado liko mkononi.

"Fundi," alisema, "niazime kipimajoto."